Rangi Tatu Juu ya Shuka

Sosthenes Kalinga hakuwa na baba; huyo alimzika akiwa bado anasoma shule ya msingi. Hakuwa na shamba lenye jina lake, wala kiwanja, wala pikipiki, wala kaka mkubwa wa kumtanguliza pale maneno ya ukweni yanapokuwa mazito. Hakuwa na ng'ombe hata wa kusingiziwa: kwao Kihesa, pale Iringa, mama yake alifuga kuku, na kuku wenyewe walilala jikoni kwa kuogopa vicheche. Hakuwa na ule ulimi wa vijana wa mjini unaoweza kumsifia msichana viatu vyake mpaka akasahau kwamba vimechakaa. Na tangu siku ile alipokwenda kuposa Igawa, hakuwa hata na machozi. Aliyatafuta kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, akakuta mfuko mtupu.

Alichokuwa nacho ni kichwa. Na kichwa hicho ndicho kilichomponza.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, katika baridi ya mwezi wa sita, alikuwa amekaa uani juu ya kigoda, anapukuchua mahindi. Mama yake, Rozalia, alitoka jikoni na sufuria ya chai, akasimama, akamtazama kwa muda.

"Sostheni."

"Naam, mama."

"Hicho unachopukuchua ni kigunzi. Mahindi yake yaliisha zamani."

Sosthenes akakitazama kigunzi mkononi. Kweli, kilikuwa kitupu. Akakitupa, akachukua kingine.

"Na hicho pia ni kigunzi, mwanangu."

"Samahani, mama."

"Mimi unaniomba samahani ya nini? Bora ungevunja sahani. Bora ungetukana mtu. Tangu umerudi kutoka kwa hao watu umekaa kama gunia. Ukiwekwa hapa, upo. Ukiwekwa pale, upo." Akatua sufuria. "Marehemu baba yako alikuwa na hasira mpaka kuku wakimwona wanapanda juu ya dari. Wewe hizo hasira zake umezipeleka wapi?"

Sosthenes akachukua hindi jingine. Alijua kuna jambo kubwa limempata, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi anavyojua kwamba jino linang'olewa. Vyuma alivisikia vikigongana. Maumivu hayakuja.

Ndipo mlango wa mabati ukagongwa, na sauti aliyoifahamu kuliko sauti yake mwenyewe ikasema, "Hodi hapa!"

Rozalia akamtazama mwanawe. Mwanawe akayatazama mahindi.

"Karibu," Rozalia akaitikia, kwa sauti ya mtu asiyejua bado kama anakaribisha mgeni au mvua ya mawe.

Sarah Maganga akaingia. Alikuwa amevaa sweta la kijani na kitenge kilichokunjamana kwa safari, kichwa amekifunga kitambaa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi au kwa jambo jingine. Alipiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu. Umetoka Igawa saa hizi?" Rozalia akaitikia, akichanganya na salamu ya Kihehe.

"Nimepata basi la alfajiri, mama."

"Na baridi yote hii! Kwenu joto, huku utaganda." Rozalia akavuta kiti cha plastiki, akakifuta kwa upindo wa khanga. Ukarimu kwake ulikuwa kama kupumua. Hata aliyemkasirikia hakunyimwa chai. "Kaa. Kunywa. Halafu useme ulichotumwa, maana usoni nakuona umetumwa."

Sarah akakaa. Akamgeukia Sosthenes. "Kalinga."

"Sarah."

"Hujambo?"

"Sijambo. Za safari?"

"Nzuri."

Watu wawili ambao walikuwa wakimaliza vocha kwa kuambiana walichokula, leo walisalimiana kama makarani wa ofisi mbili.

Msomaji hana budi kujua walikotoka hawa wawili.

Walikutana Mbeya, chuoni, mwaka uliotangulia, katika darasa la shahada ya uzamili la mitandao isiyotumia waya na mawasiliano ya simu za mkononi. Wanafunzi walikuwa wachache, wanatosha kwenye mabenchi mawili. Mwalimu wao, Dokta Mwigulu, alikuwa na desturi ya kuanza kipindi kwa swali badala ya salamu.

"Mtu yuko ndani ya basi," alisema siku ya kwanza, "anazungumza na mkewe kwenye simu. Basi linakimbia, mnara unaombeba unabaki nyuma. Mbona maneno yao hayakatiki?"

Wengine walifungua madaftari. Sauti ya msichana kutoka benchi la nyuma ikajibu bila hata kunyoosha mkono: "Kwa sababu minara imeshapatana, mwalimu. Wa mbele unamtayarishia nafasi kabla wa nyuma haujamwachia."

Sosthenes aligeuka kumtazama msemaji. Hakugeuka tena mbele mpaka kipindi kilipokwisha.

Yeye alikuwa Mhehe, mtoto wa mama mjane na Mkatoliki wa misa ya kwanza. Sarah alikuwa Msukuma, binti wa Mzee Maganga, mmoja wa wafugaji waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakateremka na kuweka makazi kwenye mbuga za Usangu, upande wa Igawa. Dokta Mwigulu aliwapanga pamoja kwenye kazi ya mwisho ya somo. Ng'ombe wa Usangu hupotea kwenye majani marefu. Basi wao wangetengeneza mikanda ya shingoni yenye redio ndogo, ili mwenye mifugo ajue walipo. Redio ya ng'ombe mmoja ingemnong'oneza jirani yake, jirani naye amnong'oneze wa mbele, mpaka habari ifike kwenye antena juu ya paa la nyumba. Redio na antena zilikuwa kazi ya Sosthenes. Programu ya kompyuta, inayogeuza minong'ono ile kuwa picha, ilikuwa ya Sarah.

Waliitengeneza mikanda ile katika chumba cha kupanga cha Sosthenes huko Ilomba, mlango ukiwa wazi ili mama mwenye nyumba asipate la kusema. Vidole vyao vilikutana mara nyingi juu ya kifaa kisichozidi kiberiti. Mara ya kwanza waliombana radhi. Baadaye hawakuombana.

"Kwetu watasema nimeolewa na mla mbwa," Sarah alimtania siku moja, kwa utani wa zamani juu ya Wahehe.

"Na kwetu watasema nimeoa mtu anayelala na ng'ombe ndani."

"Ng'ombe ana heshima kuliko mbwa, Kalinga."

"Ndiyo maana ng'ombe hatumli kwa haraka."

Walicheka mpaka mama mwenye nyumba akakohoa nje.

Na ng'ombe walikuwa wa nani? Wa Mzee Maganga. Nani mwingine angewaachia wanafunzi waivalishe mifugo yake vitu vya ajabu shingoni?

Sasa, pale uani Kihesa, Sarah alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Baba hatoki nje," alisema. "Anakaa ndani, dirisha limefungwa. Wazee wenzake wakipita wanaulizia hali yake kwa mama, wala hawaingii. Juzi mnadani mtu mmoja alimwambia kaka yangu, 'Msalimie baba yenu, mchungaji wa ng'ombe za watu.' Kaka amempiga yule mtu. Sasa tuna kesi juu ya aibu."

"Pole," Sosthenes alisema.

"Pole!" Sarah akatua kikombe. "Unaisema kama unampa pole mtu aliyejikwaa. Unajua ulichofanya?"

"Najua. Umeshaniambia kwenye simu."

"Hebu niambie wewe. Nataka nikusikie."

Rozalia, aliyekuwa anajifanya kuchambua mchele, alinyamaza hata kwa mikono.

Sosthenes akaeleza, kwa sauti tambarare, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Siku ile ya kuonyesha kazi yao, Mzee Maganga aliwaalika wazee wa jirani. Dokta Mwigulu alikuja. Na kwa kuwa safari ni safari, mshenga wa Sosthenes, Mzee Ambrosi wa jumuiya ya kanisani Kihesa, naye alikuja siku hiyohiyo kupeleka neno la posa. Wote wakaingizwa ndani ya ghala la mpunga, milango ikafungwa ili pawe na giza, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Sarah alikuwa jikoni na shangazi zake, kama inavyompasa binti anayeposwa. Sosthenes akawasha mashine. Kwenye shuka zikatokea nukta, zikisogea polepole, kila nukta ni ng'ombe mmoja hai aliyekuwa akila majani mbali huko mbugani. Wazee wakaguna kwa mshangao. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote maishani mwake.

"Endelea," Sarah alisema.

"Nukta zilikuwa na rangi tatu."

"Nani alizipa rangi?"

"Mimi. Usiku wa kuamkia siku ile. Wakati tunawafunga mikanda niliandika chapa ya kila ng'ombe, ile waliyochomwa pajani. Nikaona ni vizuri kila chapa iwe na rangi yake. Nikaona inapendeza."

"Na mzee mmoja akauliza."

"Akauliza, 'Hizo nyekundu ni nini?' Nikasema, 'Hizo ni za mwenye nyumba, zenye chapa yake.' Akauliza, 'Na za njano?' Nikasema ni chapa nyingine. 'Na za buluu?' Nikasema ni nyingine tena."

Hakumalizia. Hapakuwa na haja. Shuka zima lilikuwa la njano na buluu, na zile nyekundu mtoto angezihesabu akabakiza vidole.

"Hakuna aliyepiga kelele," Sosthenes aliendelea. "Mzee mmoja akavaa kofia yake. Mwingine akavaa yake. Baba yako akasema, 'Kijana, zima.' Mimi nikadhani anahofia umeme wa sola. Nikamwambia, 'Betri bado inayo nguvu, mzee, tuendelee.'"

"Mama yangu!" Rozalia akaropoka, akajifunika mdomo kwa khanga.

"Wakala pilau, wakaaga vizuri. Nilidhani wamenyamaza kwa kuvutiwa."

Sarah alikuwa anamkazia macho, anatafuta usoni mwake kitu cha kushika. Hakukipata. Uso ule alioupenda, wenye nyusi zinazopanda kila akipata wazo, ulikuwa umelala kama shamba lililovunwa.

"Kwetu," Sarah alisema taratibu, "mtu haulizwi ng'ombe wake ni wangapi. Hata mama hajui. Hata mimi sijui. Unamwona mtu na kundi lake, unasema 'hongera', unapita. Nilizaliwa nikilijua hilo, nikaona hakuna haja ya kumwambia mtu, kama usivyomwambia mgeni asifunue chungu cha mwenzake. Hapo kosa ni langu. Lakini wewe umewatenga ng'ombe wake mbele ya wazee, Sosthenes. Mbele ya mshenga wako mwenyewe. Umesimama ndani ya ghala la baba yangu, ukasema hawa wake, hawa si wake."

"Chapa ndizo zilisema."

"Ulimuuliza nani maana ya chapa?"

Sosthenes akaokota punje moja ya mahindi chini.

"Nakuuliza. Ulimuuliza nani? Ng'ombe akinunuliwa, unadhani anafutwa pajani? Chapa aliyochomwa ujanani anakufa nayo. Mle kuna ng'ombe aliowanunua mnadani, wana chapa za wenye zamani. Kuna aliopewa kwa mahari ya dada zangu. Kuna aliowekewa na marafiki awalishe, ndiyo, nao wapo; kwetu kuwekewa ng'ombe ni heshima, huwekewi kama wewe ni mwizi. Yupi ni yupi? Anajua yeye mmoja. Ndiyo maana ya mtu kuwa na mali yake. Wewe, na kompyuta niliyoiandikia programu kwa mikono yangu, mkamjibia."

Maneno hayo yalimfikia Sosthenes kama yanapita ndani ya maji. Aliyasikia yote. Aliyaelewa yote, na kuelewa huko kulikuwa kupya, maana kwenye simu Sarah alilia zaidi ya kueleza. Lakini kifuani pake palibaki palivyokuwa.

"Umetumwa nini, binti yangu?" Rozalia akauliza.

Sarah akapiga moyo konde. "Baba anataka barua, mama. Ya karatasi, yenye sahihi. Ujumbe wa simu hautaki, anasema unafutika na yeyote anaweza kuuandika. Wazee wanakaa Jumatatu. Anataka isomwe hapo kwamba mashine ilikosea. Kwamba ilikuwa mbovu. Ikisomwa, atapokea posa, na mambo yataendelea. Isipokuwepo..." Akakiinua kikombe, akakitua tena. "Isipokuwepo, atamrudishia Mzee Ambrosi maneno yenu, na mimi nisionane tena na mtu huyu."

"Mashine haikukosea," Sosthenes alisema.

"Najua haikukosea! Ni yangu! Nimeipima mara mia." Akasogeza kiti karibu naye. "Andika kwamba ni programu. Usiguse redio zako. Dokta Mwigulu habari itamfikia, lazima itamfikia, na atauliza kilichoharibika ni redio au programu. Mwambie ni programu. Mimi nitarudia somo mwakani. Wewe ubaki na ile nafasi aliyokuahidi ya kumsaidia kufundisha."

"Ungefeli kwa kazi uliyoifanya vizuri?"

"Ningefeli na baba angefungua dirisha."

Rozalia akasimama. Mchele ukamwagika. "Hapana. Sikia, binti. Wewe ni mtoto mzuri, nimekuona. Sikukutaka mwanzoni, Mungu anisamehe. Nilisema hao watu wana ng'ombe wengi watatudharau, na kabila letu na lao wapi na wapi. Lakini umekuja na baridi hii, peke yako, kwa ajili ya baba yako. Mtoto wa namna hiyo simkatai. Ila mwanangu hataandika uongo na chini yake aweke 'Kalinga'. Hilo jina si lake peke yake. Mwenyewe yuko makaburini pale, na aliishi hapa Kihesa bila mtu kumwita mwongo."

"Mama, siombi kwa kupenda."

"Najua. Nami sikatai kwa kupenda."

Wanawake wawili wakatazamana, kisha wote wakamgeukia Sosthenes. Alikuwa ameshika tena kigunzi.

"Sema basi!" Sarah akainuka. "Mama yako anapigania jina lenu. Mimi nampigania baba yangu. Wewe unapigania nini? Nikasirikie, Sosthenes! Niambie kwetu ni watu wa ajabu. Niambie niende zangu. Lia! Umekaa kama mnara uliokatiwa umeme."

"Natafuta," alisema.

"Unatafuta nini?"

"Cha kusema. Sikioni."

Sarah akamsogelea, akamshika mkono, ule wenye vumbi la mahindi, akaufunga ndani ya mikono yake miwili. Ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni. Zamani mguso huo ulikuwa ukimfanya Sosthenes asahau jina la siku. Sasa aliitazama mikono ile kama ya jirani.

"Unanipenda?" Sarah akauliza, chini kabisa, ili mama asisikie, ingawa mama alisikia.

Sosthenes alikuwa mtu wa kweli mpaka kwenye vitu visivyohitaji ukweli. "Nakumbuka kwamba nakupenda," alisema. "Nakumbuka vizuri sana. Ila sasa hivi upendo huo siusikii."

Sarah akauachia mkono taratibu, kama unavyoweka chini kitu kinachovunjika. Hakulia. Alirekebisha kitambaa kichwani, akampigia goti Rozalia.

"Nakwenda, mama. Nisipowahi basi la saa saba nitalala njiani."

"Hujala."

"Nimeshiba, mama. Ahsante."

Mlangoni akageuka. Macho yao yakakutana, yakakaa hapo muda mrefu kuliko alivyotarajia yeyote kati yao. "Jumatatu asubuhi," alisema. Akaenda.

Rozalia alipika ugali na njegere. Walikula pamoja. Mwisho Rozalia akasema, "Umemjeruhi kuliko ulivyomjeruhi baba yake."

"Nimesema kweli."

"Kweli! Kuna kweli ya kusema na kweli ya kunyamazia, hata padri anajua hilo. Wewe zote unazitundika ukutani kwenye shuka." Akanawa mikono. "Hiyo elimu yenu ya mitandao, inafundisha maneno yafike mbali. Haifundishi yapi yasiende?"

Sosthenes akaacha tonge hewani. Nyusi zake zikapanda, kidogo sana.

"Mama. Mashine haikusema kitu."

"Nini?"

"Mashine ilisema, 'Ng'ombe yupo hapa.' Basi. Redio haioni chapa. Redio haijui mwenye mali. Nyekundu, njano, buluu, hizo si habari za mtandao. Hizo ni maneno yangu. Niliyaandika mimi, nikayapenyeza humo, wazee wakadhani yametoka mbugani." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Programu ya Sarah haikukosea. Redio hazikukosea. Na mimi sikuwa na ushahidi wowote kwamba chapa ni umiliki. Nilidhani ni kama namba za gari. Nilibahatisha, mama. Nilisimama mbele ya baba wa watu nikabahatisha."

"Mzee anataka uandike kwamba mashine ni mbovu."

"Sitaandika hivyo. Nitaandika kwamba mbovu ni mimi."

Rozalia akamtazama mwanawe. "Na akisema hiyo si barua aliyoiagiza?"

"Basi atakuwa amesema."

Kabla ya kuandika alimpigia simu Dokta Mwigulu. Alimweleza kwa kifupi kwamba zile rangi anaziondoa kwenye ripoti, na atasaini kwamba zilikuwa kosa lake peke yake, si la mwenzake.

"Kalinga," Dokta alisema, "unaelewa kwamba mwanafunzi anayetia takwimu za kukisia, mimi siwezi kwenda kumtetea apewe darasa? Ile nafasi itakwenda kwa mwingine."

"Naelewa, mwalimu."

"Hungoji hata ufikirie?"

"Nimefikiria, mwalimu."

"Na alama za mwenzako Maganga?"

"Zake zibaki zilivyo. Kazi yake ni safi."

Akakata simu. Aliketi kusubiri majuto, kwa kuwa alidhani hapo ndipo mahali pake. Hayakuja. Badala yake aliona tu kwamba karatasi ni nyeupe na kalamu ina wino, akaanza.

Aliandika hivi:

*Mheshimiwa Mzee Maganga, shikamoo.*

*Mzee, nimeambiwa niandike kwamba mashine ilikosea. Siwezi, kwa kuwa mashine haikusema lolote juu ya mali yako. Haina uwezo huo. Ilisema tu mahali ng'ombe walipo, na hilo ilisema sawasawa, maana programu yake imeandikwa na binti yako, na hajui kufanya kazi mbaya.*

*Aliyesema habari za mali ni mimi. Niliona chapa, nikadhani naelewa. Sijafuga ng'ombe hata siku moja. Kwetu tuna kuku. Sikujua kwamba ng'ombe huhama mikono na chapa isihame. Sikuuliza. Rangi zile zilikuwa dhana ya mtu asiyejua, na mtu yeyote aliyeziamini aliamini ujinga wangu. Naomba hili lisomwe mbele ya wazee wote waliokuwepo, kwa sauti, na jina langu litajwe.*

*Nimezifuta. Hazipo tena popote.*

*Mzee, siombi radhi ili nipewe Sarah. Naomba radhi kwa kuwa nimekosa. Sarah namwomba mbali, kwa ombi jingine, na nitaendelea kumwomba hata ukikataa, kwa adabu, kupitia Mzee Ambrosi, mpaka utakapochoka kumwona mlangoni. Leo ameniuliza swali, nami nikamjibu vibaya. Jibu lake nitampa mwenyewe, nikiruhusiwa kufika.*

*Ni mimi mwanao,*
*Sosthenes Kalinga.*

Alimpa mama yake aisome. Rozalia akavaa miwani, akaisoma akisogeza midomo, akafika kwenye jina la mwisho, akakaa hapo kidogo.

"Jina hilo liache," alisema.

Bahasha ilikuwa ya siku nyingi, gundi imekauka. Rozalia akachukua kipande cha ugali kutoka kwenye sufuria, akakifinya kwa dole gumba mpaka kikalainika, akampa. Sosthenes akapaka ukingoni, akakunja, akabana kwa kiganja mpaka ikashika.

Jumapili asubuhi, badala ya misa ya kwanza, alikuwa stendi. Basi la kwenda Mbeya lilikuwa linaunguruma, kondakta wake, kijana mchangamfu aliyeitwa Anord, akiita abiria kwa mbwembwe.

"Kaka, Mafinga, Makambako, Mbeya hiyo! Panda, siti ya dirishani ipo!"

"Sisafiri. Nina mzigo wa Igawa."

"Mzigo uko wapi?"

Sosthenes akampa bahasha.

Anord akaigeuza upande huu na upande ule. "Barua? Siku hizi? Kwani Igawa hakuna mtandao?"

"Mtandao upo. Mwenyewe anataka karatasi."

"Kuna hela humu ndani? Isije ikawa nabeba lawama."

"Hakuna hela. Ukifika Igawa, kwenye duka la pembejeo, uliza kwa Mzee Maganga. Wote wanamjua. Mkabidhi mwenyewe, mkononi, si mtu mwingine."

"Akiniuliza imetoka kwa nani?"

Swali dogo, la kikazi. Sosthenes alifungua kinywa kusema jina lake, akaishia kwenye silabi ya kwanza. Macho yakajaa machozi, yale aliyoyatafuta bila kuyapata. Ikabidi aangalie pembeni, kwenye matairi ya basi, mpaka dereva alipopiga honi.

"Kaka, tunaondoka. Niseme imetoka kwa nani?"

"Kwa mkwe wake," Sosthenes alisema.

Anord akacheka, akaichomeka bahasha juu ya kioo cha dereva, akagonga ubavu wa basi mara mbili. Basi likatoka.